Tafakari ya Juma: Leseni Ukutani, Dhamiri Moyoni



Parokia yetu imezungukwa na biashara pande zote nne. Kabla kengele ya Misa ya kwanza haijagongwa, mikokoteni imekwisha anza kupita, na wachukuzi wanaitana kutoka Msimbazi hadi Mtaa wa Congo. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa mizigo wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko kuu, ambalo ni kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, na biashara haikulala, bali ilihamia barabarani na vichochoroni. Padri wa mahali kama hapa asiyekuwa na neno la kusema juu ya kuuza na kununua, amewaacha waamini wake siku sita za juma na kubaki nao siku moja tu.

Kanisa halidharau biashara. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye tulimsoma kwa jasho seminarini, anafundisha kwamba faida kwa yenyewe si jambo baya. Mtu anayetafuta faida ya kiasi ili alishe nyumba yake au awasaidie maskini anafanya jambo jema. Hata hivyo Yoshua bin Sira, aliyewafahamu vyema watu wa sokoni, anatuonya kwamba dhambi hujipenyeza kati ya muuzaji na mnunuzi kama kigingi kinavyojibana kati ya mawe mawili ya ukuta. Hasemi kwamba ukuta ni mbaya. Anasema tuuangalie ule ufa.

Juma hili tunapenda kuutazama ufa huo kwa msaada wa maswali mawili tuliyoletewa na waamini wawili wa parokia hii. Wote wawili wameturuhusu kuyaandika, mradi tusiwataje.

Swali la kwanza lilitoka kwa mama mmoja mjane, mwuza vitenge, aliyelea watoto wake kwa meza moja ya biashara. Mwanawe, ambaye zamani alikuwa mtumikiaji altareni, alikwenda Kanada kusoma, akabaki huko kufanya kazi. Kazi yenyewe ni katika duka linalouza bangi. Si duka la uchochoroni; lina leseni ya serikali, linalipa kodi, na wafanyakazi wake wana mikataba na likizo. Fedha anazotuma ndizo zinazolipa ada ya mdogo wake wa kike. Sasa mwajiri wake anataka kumpandisha cheo, awe msimamizi wa kutafuta wateja na kuongeza mauzo, na mshahara utapanda. Kijana amemwandikia mama yake kumwuliza: “Mama, nikubali?” Naye mama akatujia na bahasha mkononi, akasema: “Baba Padri, hii ni sehemu ya fedha zake, nilitaka kuitoa kwa ajili ya bati za ukumbi. Lakini kabla sijaitoa, niambie kama Mungu ataipokea.”

Swali la pili ni la zamani kidogo. Lilitoka kwa mzee mmoja wa jumuiya zetu ndogondogo, aliyekuwa akiuza vinywaji kwa jumla. Mtakumbuka viroba, ile pombe kali iliyofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki. Mzee huyo alikuwa na katoni nyingi za viroba ghalani, kila moja imenunuliwa kwa risiti. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 ya mwaka huo ni marufuku kutengeneza, kuuza na kunywa pombe ya viroba. Mzee alipata hasara kubwa. Lakini kilichomsumbua zaidi ya hasara kilikuwa hiki: “Baba, Februari 28 nilikuwa mfanyabiashara mwema, leseni yangu iko ukutani. Machi 1 nikawa mhalifu, na mzigo ni uleule. Ni lini hasa nilianza kutenda vibaya?”

Ndugu zangu, swali la mzee huyu ni zito kuliko linavyoonekana, na yafaa tulijibu kwanza, kwa maana ndani yake mna jibu la mama.

Sheria za wanadamu hubadilika kwa tarehe na kwa mpaka. Fungu la mirungi, likiwa upande wa Kenya pale Namanga, ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria. Likivushwa hatua chache kuja upande wetu, ni dawa ya kulevya na aliyelibeba anakwenda mahakamani. Mirungi hiyohiyo iliuzwa kwa uhuru London hadi Juni 2014, Uingereza ilipoipiga marufuku. Bangi, ambayo kwetu ni jinai kuilima, kuiuza na kuivuta, iliruhusiwa kwa watu wazima wa Kanada tangu Oktoba 17, 2018. Katika jimbo la Colorado, Marekani, wananchi waliipigia kura mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa Januari 1, 2014. Karibu nasi zaidi, Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya tiba na viwanda, na Rwanda mwaka 2021 iliruhusu kilimo chake kwa ajili ya tiba na kuuza nje. Kwa hiyo jambo hili si hadithi ya ng'ambo. Watoto wetu wanalisoma katika simu zao, na siku moja watatuuliza.

Kama wema na ubaya vingetegemea sheria peke yake, basi jani moja lingekuwa zuri na baya kwa wakati mmoja, kutegemea upande gani wa mto mtu amesimama. Dhamiri ya Kikristo haiwezi kukaa hivyo. Tomaso wa Akwino anatupa mwanga. Anasema sheria ya wanadamu haikatazi maovu yote, kwa kuwa imewekwa kwa ajili ya watu wengi ambao bado si wakamilifu; hukataza hasa yale mazito, na zaidi yale yanayowadhuru wengine. Maana yake ni hii: sheria inaponyamaza juu ya jambo, haijalibariki. Imesema tu kwamba askari hatakuja kukukamata. Kuhani na dhamiri yako bado hawajasema neno.

Na tuwe waungwana kwa wale walioruhusu bangi, maana baadhi ya hoja zao hazikosi uzito. Wanasema marufuku iliwajaza maskini magerezani huku wenye nafasi wakivuta katika majumba yao bila kuguswa. Wanasema fedha zote ziliingia mikononi mwa magenge. Wanasema afadhali bidhaa inayopimwa maabara kuliko ile isiyojulikana imechanganywa na nini. Mkristo anaweza kujadiliana juu ya adhabu ipi inafaa kwa kijana aliyekutwa na msokoto mmoja mfukoni; huruma na haki vyote vina neno hapo. Lakini swali la nani afungwe ni moja, na swali la nani atajirike ni jingine. Sisi hapa tunazungumza juu ya hili la pili.

Tumrudie Tomaso tena, katika mahali ambapo pengine hamkutegemea. Akizungumza juu ya mavazi na mapambo, anauliza kama fundi anatenda dhambi kwa kutengeneza vitu ambavyo wengine watavitumia vibaya. Anavigawa vitu katika mafungu matatu. Kuna vitu ambavyo mtu hawezi kuvitumia bila kutenda dhambi. Fundi anayevitengeneza anashiriki dhambi hiyo. Kuna vitu vinavyoweza kutumika vyema au vibaya, kama upanga na mshale. Fundi wake hana hatia kwa kuvitengeneza. Na kuna fungu la tatu: vitu ambavyo kwa vyenyewe si haramu, lakini watu wengi huvitumia vibaya mara nyingi, juu ya hivyo anasema ni wajibu wa mtawala kuviondoa katika mji.

Mzee wetu wa viroba, hapo ndipo unaposimama. Pombe haimo katika fungu la kwanza. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na divai iko juu ya altare yetu kila siku. Mtu mzima anaweza kunywa kwa kiasi na kumshukuru Mungu. Lakini kiroba hakikuwa pombe tu. Kilikuwa pombe iliyopewa umbo fulani kwa ajili ya mteja fulani. Hakikuwa na kizibo cha kurudishia, kwa hiyo kikifunguliwa lazima kimalizwe. Kilitosha katika kiganja, kwa hiyo mwenye bodaboda alikinywa kati ya abiria na abiria. Kilitosha katika mfuko wa sare ya shule. Bei yake haikumzuia mtu aliyekuwa na sarafu chache tu za siku hiyo. Serikali ilipokipiga marufuku ilitaja vijana na wanafunzi, ikataja pia taka za plastiki zilizozagaa. Na haikufuta pombe, kwani vinywaji vikali viliendelea kuuzwa katika chupa. Uganda nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2019. Yaani kilichohukumiwa hakikuwa kileo. Kilichohukumiwa kilikuwa kile kifuko, na kifuko ni uamuzi wa muuzaji.

Basi tukamjibu mzee hivi: Hukuwa mwema Februari 28 kwa sababu ya leseni, wala hukuwa mwovu Machi 1 kwa sababu ya tangazo. Swali lilikuwapo siku zote, nalo lilikuwa: je, unajua ni nani anakinywa? Ulipowaona wale vijana wa kituoni saa 3 asubuhi, macho mekundu, vifuko miguuni pao, ulijiambia nini? Tangazo la serikali halikuleta dhambi mpya. Lilimaliza tu uwezekano wa kujifanya hatuoni. Mzee alikaa kimya, kisha akasema: “Niliwaona, Baba. Nilisema, nisipouza mimi atauza jirani.” Na kweli jirani angeuza. Lakini hukumu ya mwisho, ndugu zangu, haifanyiki kwa mtaa mzima kwa pamoja. Kila mmoja ataitwa kwa jina lake.

Sasa tuje kwa bangi. Kanisa halipingi dawa. Kama daktari anatumia kitu kilichotoka katika mmea huo kumpunguzia mgonjwa maumivu, hilo ni tendo la huruma, sawa na mofini anayopewa mgonjwa wa saratani. Katekismu inaweka wazi kwamba matumizi ya dawa za kulevya, yasipokuwa kwa ajili ya tiba hasa, ni kosa zito, kwa kuwa yanaharibu afya na uhai wa mtu. Na inawahesabu wanaozitengeneza na kuzisambaza kwa siri kuwa washiriki wa moja kwa moja katika uovu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alizitaja dawa za kulevya kama mfano wa ulaji wa bandia, yaani haja ambayo mtu hakuwa nayo mpaka mtu mwingine alipoitengeneza ndani yake. Papa Fransisko naye, Juni 2014, alipowapokea mjini Roma wakuu wa vyombo vya kupambana na dawa za kulevya, alikataa njia ya kuruhusu hata zile zinazoitwa dawa nyepesi kwa ajili ya starehe.

Lakini tuseme kijana wetu anatuambia: “Padri, huku si kwa siri. Huku mteja ni mtu mzima, ameonesha kitambulisho, amechagua mwenyewe. Mimi nina kosa gani?” Hapo hatutamjibu kwa sauti ya juu. Tutamwomba atutazamie jinsi biashara yenyewe inavyopata riziki yake.

Mwaka 2014 idara ya mapato ya Colorado iliagiza utafiti juu ya soko jipya la bangi. Ilionekana kwamba watumiaji wazito, takribani mmoja tu kati ya kila watumiaji watano, ndio waliochukua karibu theluthi mbili ya bangi yote iliyotumika. Yule mtu mzima anayevuta mara moja kwa mwezi na kurudi kwake kwa amani, ambaye ndiye anayetajwa kila mara katika mijadala, si yeye anayelipa kodi ya pango ya duka. Anayelipa ni yule wa kila siku. Duka likiambiwa liongeze mauzo, litawaongeza kina nani? Ama litamfanya wa mara mojamoja awe wa kila siku, ama litatafuta wapya walio vijana. Njia ya tatu ni kuongeza ukali. Na kweli bangi iliyokamatwa Marekani, iliyokuwa na asilimia 4 hivi ya ile kemikali inayolevya mwaka 1995, ilifikia asilimia 12 hivi mwaka 2014. Nao wataalamu wa akili wanaona uhusiano kati ya matumizi ya kila siku ya bangi kali na maradhi ya kuchanganyikiwa, hasa kwa walioanza wakiwa wadogo.

Sheria ya Kanada yenyewe inatufundisha jambo. Inakataza matangazo ya bangi yanayovutia vijana. Inakataza kutumia sura ya mtu, ya mnyama, au ya kikaragosi. Inakataza ushuhuda wa watu mashuhuri. Inaagiza vifungashio visivyo na mapambo, vigumu kwa mtoto kuvifungua, na vyenye onyo la afya. Colorado nayo, tangu Oktoba 2017, inakataza vyakula vya bangi vyenye maumbo ya wanyama, watu au matunda. Jiulizeni: ni bidhaa gani nyingine sokoni kwetu inayohitaji ulinzi wa namna hiyo dhidi ya muuzaji wake mwenyewe? Watunga sheria walijua kwamba wakiiachia biashara hiyo mkono, itawaendea watoto. Na wenye mitaji walipoona mlango umefunguliwa, nani alitangulia kuingia? Mwaka 2018 kampuni ya pombe ya Constellation Brands ilitangaza kuweka takribani dola bilioni 5 za Kanada katika kampuni ya bangi ya Canopy Growth. Mwaka huohuo Altria, wenye sigara za Marlboro nchini Marekani, wakatangaza dola bilioni 2.4 za Kanada katika kampuni ya Cronos. Wazoefu wa mazoea ya watu walilitambua soko la mazoea ya watu.

Hapa ndipo tunapouona ule ufa wa bin Sira. Mama anayeuza vitunguu Kariakoo anamtakia mteja wake afya, ili kesho arudi. Fundi cherehani anafurahi mteja akipendeza. Kinyozi anafurahi kichwa kikikua nywele. Heri yao na heri ya mteja zimefungwa kamba moja. Lakini ikitokea kwamba faida yangu inapanda kadiri mteja wangu anavyoshindwa kujitawala, basi kamba imekatika. Siku anapopona, mimi ninapata hasara. Hata nikimtabasamia, hata nikimpa risiti, nimekaa mahali ambapo ninalazimika kumwombea asipone. Mkristo hawezi kukaa hapo muda mrefu na sala zake zikabaki nzima.

Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika matangazo ya biashara, na likaweka mizani tatu: ukweli, hadhi ya binadamu, na wajibu kwa jamii. Wapiga debe wetu wa hapa Gerezani wanaweza kuzielewa mizani hizo bila kwenda chuoni, nasi tunapenda kuzigeuza kuwa maswali matatu ambayo kila mfanyabiashara anaweza kujiuliza anapofunga hesabu jioni.

La kwanza: Je, naweza kumwambia mteja wangu ukweli wote juu ya bidhaa hii na bado akanunua? Tomaso anafundisha kwamba muuzaji anawajibika kuieleza kasoro iliyofichika yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari.

La pili: Je, ningefurahi kumwona mwanangu akiwa mteja wangu bora? Hatusemi mteja tu. Tunasema mteja bora, yule wa kila siku, ambaye duka linamtegemea.

La tatu: Hasara inapotokea, nani anaibeba? Kama faida inaingia kwangu na hasara inabebwa na mke wa mteja, na mwalimu wa mtoto wake, na wodi ya hospitali, basi sijafanya biashara. Nimehamisha mzigo tu.

Mtaona kwamba maswali haya hayahitaji bangi ili yaume. Wapo kati yetu waliopangisha fremu zao kwa wachezesha kamari, wakasema: “Mimi ni mwenye nyumba tu.” Wapo walioweka katika maduka yao mashine za kamari za sarafu, na wanawaona vijana wa mikokoteni wakitumbukiza humo posho ya siku nzima. Leseni ipo ukutani. Tunaloomba ni kwamba mtazame pia huyo kijana anavyotoka mlangoni.

Tumalizie kwa mama na bahasha yake, maana tulimwahidi jibu.

Juu ya mwanawe, tulimwambia asimwandikie kwa hukumu. Kijana huyu hakuiba wala hakudanganya. Amefanya kazi na amelipwa, na ada ya mdogo wake haina haja ya kurudishwa. Maadili ya Kanisa hutofautisha kati ya yule anayeutaka uovu na yule ambaye kazi yake inaugusa tu uovu wa mwingine. Na hata katika huko kugusa kuna karibu na mbali. Mfagiaji wa duka yuko mbali. Anayepima na kukabidhi mzigo yuko karibu zaidi, na tusimfiche hilo. Lakini anayekaa mezani usiku kufikiri ni kwa maneno gani watu wengi zaidi watumie, na watumie zaidi, huyo hawezi tena kusema kwamba hataki. Kutaka ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kwa hiyo cheo hicho akikatae. Kisha, bila kujitupa katika njaa, aanze kutafuta kazi nyingine, na aitafute kwa dhati, si kwa maneno. Tulimwambia mama pia kwamba jambo hili litawagharimu wote wawili, na pengine mdogo mtu atarudi nyumbani kwa muhula mmoja. Alisema: “Najua, Baba. Ndiyo maana sikulala.” Tulipatana kwamba ada hiyo tuitafutie njia, naye asiibebe peke yake.

Juu ya bahasha, tulishauriana na halmashauri ya walei, na hatukukubaliana upesi. Mmoja alisema fedha haina harufu, na ukumbi hauna bati. Tulimkumbusha wale wakuu wa makuhani waliookota vipande thelathini vya fedha. Walikuwa waangalifu sana kwamba fedha ya damu isiingie katika hazina ya hekalu, lakini hawakujali hata kidogo juu ya damu yenyewe. Hatutaki kuwaiga kwa upande wowote: wala kwa kuiosha mikono yetu mbele ya mama maskini, wala kwa kujenga bila kuuliza. Hatukuikataa bahasha kana kwamba ni najisi. Tulimwomba aipeleke kwa vijana wanaojaribu kuacha dawa za kulevya, ambao wengi wao wanafuata tiba ya methadoni iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2011; nauli ya kwenda kliniki kila siku inawashinda. Ukumbi utasubiri. Parokia inayozoea kujengwa kwa fedha za namna hiyo itafika siku itakapotaka kusema neno juu ya bangi, au viroba, au kamari, na itakuta mdomo wake umekwisha kununuliwa.

Hivyo, wapendwa, mvua za masika zikitukuta ukumbini bila bati, msimlaumu mwekahazina. Mnayetaka kuchangia, changieni kutoka katika vitunguu, vitenge, vipuri na mikokoteni yenu, kidogokidogo. Na wale walio na fremu au mashine zinazowasumbua mioyoni, mlango wa ofisi ya parokia uko wazi kila Jumanne na Alhamisi jioni. Hatutamwuliza mtu leseni. Tutakaa pamoja tupige hesabu ya namna ya kutoka, kwa maana tunajua kwamba kutoka kuna gharama, na si haki kumwachia mtu mmoja gharama hiyo.

Tuombe: Ee Bwana, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, ibariki mizani ya watu wako. Uwape wauzaji macho ya kumwona mnunuzi, na walio vifungoni mwa kileo uwape nguvu ya kurudi nyumbani. Amina.

Mungu awabariki nyote. Tukutane Jumapili.